MZEE MARUGE, MWANAFUNZI ASIYEONA HAYA

Wahenga walisema elimu haina mwisho. Msemo huu tunauandika kila siku kwenye insha ili tupate alama, halafu tunausahau. Leo nitawasimulia juu ya mtu aliyeutimiza, naye ni marehemu Mzee Kimani Maruge.

Mzee Maruge hakuwa na cheti cha kuzaliwa, lakini aliamini kuwa alizaliwa mwaka wa 1920. Utotoni hakupata nafasi ya kusoma. Alipokuwa mtu mzima alipigana upande wa Mau Mau kuitafutia nchi uhuru. Uhuru ulipatikana mwaka wa 1963, Mzee akapata watoto na wajukuu, lakini kusoma na kuandika alikuwa bado hajui.

Januari 2003 serikali iliondoa karo katika shule za msingi. Wengi walidhani tangazo hilo ni la watoto peke yao. Kumbe Mzee naye alilihesabu kuwa lake! Januari 2004, akiwa na miaka 84, alijiunga na darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, mjini Eldoret. Mwalimu mkuu alikuwa Bi Jane Obinchu. Mzee alivaa sare kama wenzake: sweta, kaptula na soksi ndefu, mkongojo mkononi. Wajukuu zake pia walisoma shule hiyo hiyo. Alitaka kuisoma Biblia mwenyewe badala ya kusomewa, na kujua hesabu ili asije akapunjwe pesa.

Sifa zake zilienea kote. Aliingia katika kitabu cha Guinness kama mtu mwenye umri mkubwa zaidi kuanza shule ya msingi. Mwaka wa 2005 alikuwa kiranja mkuu, na Septemba mwaka huo alipanda ndege kwa mara ya kwanza, akaenda New York kuzungumza katika Umoja wa Mataifa kuhusu elimu ya bure.

Hapo wengi huishia, lakini mimi naona makubwa zaidi yalikuja alipofika madarasa ya juu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 fujo zilizuka nchini, na Eldoret iliumia sana. Mali ya Mzee iliibwa, akajikuta katika kambi ya wakimbizi, kilomita 4 kutoka shuleni. Alifikiria kuacha masomo. Lakini wapi! Aliendelea kuhudhuria darasani akitokea kambini. Baadaye ilimbidi ahamie Nairobi, akakaa katika makao ya wazee. Hata huko hakutulia. Juni 2008 alijiandikisha darasa la sita katika Shule ya Msingi ya Marura, Kariobangi. Hebu fikiria, mgeni katika shule mpya, miaka 88, na darasa limejaa watoto wa miaka kumi na miwili!

Jambo hili linanigusa kwa sababu kakangu mkubwa aliacha shule akiwa darasa la saba. Alikuwa amerudia darasa mara mbili, ndevu zimeanza kuota, na watoto wakawa wanamwita baba. Siku moja alivua sare akaisukuma chini ya kitanda, basi. Hivi leo yeye ni mtu wa mjengo, na akipewa fomu ya kujaza huningoja nitoke shule jioni nimsomee. Kilichomtoa darasani hakikuwa karo wala ujinga, ni haya tu.

Mei 2009 Mzee Maruge alibatizwa, akaitwa Stephen. Tarehe 14 Agosti 2009 aliaga dunia kwa ugonjwa wa saratani ya tumbo, akazikwa Subukia. KCPE hakuifanya. Mtu anaweza kusema kwamba alijisumbua bure kwa kuwa cheti hakupata. Mimi nakataa. Yeye hakuingia shule kutafuta cheti, aliingia kutafuta kusoma, na hilo alilipata.

Nilipokuwa nikiandika makala haya, kaka aliniuliza huyo mzee alirudi darasa la ngapi. Nikamwambia la sita. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama watoto hawakumcheka. Nikamjibu kwamba hata kama walimcheka, yeye hakutoka.

Wanafunzi wenzangu, huenda nawe una ndugu au jirani aliyeachia masomo darasa la sita au la saba. Usimcheke. Msomee habari hizi. Na wewe unayetegea kwa sababu ya mvua au kwa kuwa umerudia kidato, mkumbuke Mzee na mkongojo wake.

Mungu ailaze roho yake mahali pema. Amina.