Albert Cook, Daktari Aliyeanza Tena

Kwenye sherehe kama hii tunapiga picha, tunakata keki, tunahesabu miaka. Ni vizuri. Lakini najua kati yenu wako wauguzi, matabibu na madaktari waliotoka zamu ya usiku wakaja moja kwa moja kukaa kwenye viti, na kesho asubuhi wanarudi wodini. Ninyi hasa ndio ninaowasimulia habari za Albert Cook.

Alizaliwa London mwaka 1870, akasomea udaktari Cambridge na katika hospitali ya St Bartholomew's. Mwaka 1896 alipanda meli kuja huku pamoja na wamisionari wengine wa CMS. Reli ya Mombasa ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kujengwa, kwa hiyo kutoka pwani hadi Buganda walikwenda kwa miguu na wapagazi wao, miezi mizima. Katika kundi hilo alikuwemo muuguzi, Katharine Timpson. Mwaka 1900 wakaoana. Mambo ya safari hayo!

Mwaka 1897 Cook alianza kutibu watu pale Mengo, katika nyumba ya matete na udongo. Mwaka 1900 hospitali kubwa zaidi ikafunguliwa. Hebu fikiria furaha ya siku ile. Basi, mwaka 1902 radi ikapiga, hospitali ikateketea. Wewe ungefanya nini? Mimi, nikisema kweli, ningefunga mizigo. Yeye na ndugu yake Jack, naye daktari, wakaanza tena, na mwaka 1904 hospitali mpya ikasimama.

Nadhani lakini moto ulikuwa rahisi kuliko jaribu lingine. Mwaka 1901 ndugu hao wawili waliwaona Mengo wagonjwa wa kwanza wa malale. Dawa haikuwepo. Hata kwamba mbung'o ndiye anayeueneza haikujulikana bado. Miaka iliyofuata ugonjwa ule uliua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya Ziwa Victoria. Wewe uliyewahi kusimama kando ya kitanda huna la kumpa mgonjwa, unaelewa ninachosema. Cook aliendelea kupima na kuandika. Kila mgonjwa alikuwa na maelezo yake, ameandikwa vizuri, hata yule ambaye hakupona.

Katharine naye hakukaa tu kuitwa mke wa daktari. Aliwafundisha mabinti wa Uganda ukunga, kwa sababu watoto wengi mno walikuwa wanakufa, na yeye na mumewe wakaandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda. Wale wakunga walirudi vijijini ambako daktari hafiki.

Mwaka 1932 Cook alipewa cheo cha Sir. Alikuwa na miaka 62, na bado alikuwa kazini. Alistaafu mwaka 1934, wala hakurudi Uingereza. Katharine alifariki mwaka 1938, yeye mwaka 1951, hukohuko Kampala.

Makaburi yao yako Namirembe. Ukienda Kampala kwa mkutano wetu, panda pale kilimani. Hospitali ya Mengo iko jirani tu, na bado inapokea wagonjwa. Yale maelezo aliyoandika kwa mkono yamehifadhiwa Makerere, katika maktaba ya udaktari yenye jina lake.