Temu wa Tokyo

Kila msimu wa riadha ya shule ukikaribia, walimu wenzangu hapa Embu huniuliza kwa nini sichoki kuwasimulia wanafunzi habari za Naftali Temu, Mgusii ambaye hakuwa na ukoo wowote huku kwetu chini ya Mlima Kenya. Jibu langu linaanzia safari moja ya Meru.

Ilikuwa kabla ya mikoa kuondolewa na kaunti kuanza kazi mwaka wa 2013. Mvulana wetu wa kidato cha pili, aliyekuwa hajawahi kushindana nje ya wilaya, aliianza mbio ya mita 10,000 kama aliyefukuzwa na nyuki. Katika mzunguko wa kumi na tano akatoka uwanjani, akaketi nyasini na kujifunika uso kwa fulana. Tulipokuwa tukirudi, basi likipita Chuka, wenzangu walikata shauri kwamba jina lake lifutwe kikosini. Nami, naona haya kusema, nilinyamaza.

Usiku huo ndipo nilipomkumbuka Temu. Sikumkumbuka yule wa vitabuni, ambaye kila mtoto hujibu kwenye mtihani kuwa ndiye Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki. Nilimkumbuka askari wa miaka 19 aliyefika Tokyo mwaka wa 1964, nchi yake ikiwa haijatimiza mwaka mmoja wa uhuru. Tarehe 14 Oktoba alishiriki mbio ya mita 10,000, mizunguko 25, wala hakuimaliza. Siku mbili baadaye Wilson Kiprugut alitwaa shaba katika mita 800, medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Hebu msomaji afikirie furaha iliyokuwa kambini, na kijana aliyetoka njiani akiwa papo hapo miongoni mwa wanaoshangilia.

Tarehe 21 Oktoba, juma moja tu baada ya kushindwa kumaliza kilomita 10, Temu alijipanga katika marathoni, zaidi ya kilomita 42. Mshindi alikuwa Abebe Bikila wa Ethiopia. Temu alifika wa 49. Hakuna anayepigiwa vigelegele kwa nafasi hiyo, lakini kwangu mimi ndiyo sehemu tamu kuliko zote katika maisha yake, na ninashangaa kwamba vitabu vya shule huiruka.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka wa 1966, katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kingston, alimshinda Ron Clarke wa Australia, mshikilizi wa rekodi ya dunia ya maili sita. Tarehe 13 Oktoba 1968 akawa Mexico City, katika mbio ile ile iliyomshinda Tokyo. Kipchoge Keino alizidiwa na maumivu ya tumbo, na Mamo Wolde wa Ethiopia akaongoza hadi karibu na utepe. Temu alimpita na kumaliza kwa dakika 29 na sekunde 27.4, Wolde akiwa nyuma kwa sehemu sita za kumi za sekunde. Siku chache baadaye aliongeza shaba ya mita 5,000.

Wako wanaodai kuwa alibebwa na hewa nyepesi ya Mexico, mji ulio mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Mbona basi Kingston, mji wa pwani, alimwacha Clarke mbali? Na kama mwinuko ungetosha, watoto wetu wa Meru na Embu wangerudi na medali bila kufanya mazoezi.

Temu alifariki Machi 2003, akiwa na umri wa miaka 57.

Asubuhi iliyofuata safari ile nilikwenda katika chumba cha walimu, nikaomba jina la mvulana lirejeshwe. Tulibishana hadi kengele ya kipindi cha pili. Mwaka uliofuata tulimpeleka tena Meru, akamaliza wa kumi na saba, miguu ikiwa imejaa vumbi jekundu, naye akaniuliza kama marathoni nayo hukimbiwa siku hiyo hiyo.