Ramana Maharshi: kijana aliyeichunguza hofu ya kifo

Huku Kibiti na delta ya Rufiji, msiba ukitokea tunazika, tunaomba dua, kisha kila mtu anarudi shambani au kwenye mtumbwi wake. Hofu ya kifo tunabaki nayo moyoni. Leo tunaeleza maisha ya mtu wa India ambaye hofu hiyo ilimshika akiwa kijana, naye akaamua kuichunguza.

Jina lake la kuzaliwa ni Venkataraman. Alizaliwa tarehe 30 Desemba 1879 huko Tiruchuli, kusini mwa India, katika familia ya Kihindu. Baba yake alifariki mwaka 1892, naye akalelewa na ndugu wa baba yake mjini Madurai.

Julai 1896, akiwa na miaka 16 na mzima wa afya, ghafla alihisi anakufa. Hakumwita mtu. Alilala, akaukaza mwili kama maiti, akafumba mdomo na kubana pumzi. Akajiuliza kama mwili ukifa, yeye naye anakufa. Akaona kwamba yule anayejitambua ndani bado yupo. Hofu ikamtoka.

Wiki chache baadaye aliondoka nyumbani bila kuaga. Kati ya rupia 5 za ada ya kaka yake, alichukua 3 za nauli, akaacha 2 pamoja na barua fupi. Wakati huo rupia ilitumika pia pwani yetu. Tarehe 1 Septemba alifika Tiruvannamalai, chini ya mlima Arunachala, na hakuhama tena.

Mama yake, Alagammal, alimfuata mwaka 1898. Alimsihi arudi, akalia. Kijana hakutamka neno. Aliandika tu kwamba lililopangwa ndilo litakalokuwa. Mama akarudi bila mwanawe. Wazazi wenye vijana walioondoka bila kuaga wanaujua uchungu huo.

Watu walianza kumwendea, wakamwita Ramana Maharshi. Alifundisha njia ya Adwaita, inayosema kwamba nafsi ya ndani kabisa ya mtu na Mungu si vitu viwili. Mtu huketi kimya. Likija wazo, la deni au la mvua, halifuati. Anajiuliza limemjia nani. Akijibu kuwa limemjia yeye, anatafuta huyo yeye ni nani na anatokea wapi. Hakariri maneno, anaangalia ndani. Wenye familia hakuwataka waache nyumba zao wala kazi zao.

Mwaka 1916 mama alikwenda kuishi naye. Siku alipofariki, tarehe 19 Mei 1922, mwanawe alikaa kando yake saa nyingi, mkono mmoja kifuani pake, mwingine kichwani, mpaka alipokata roho. Makao ya Ramana yalijengwa penye kaburi la mama huyo.

Yeye mwenyewe aliugua saratani ya mkono, akapasuliwa mara kadhaa, huku akiendelea kupokea wageni. Alifariki tarehe 14 Aprili 1950. Kila msikilizaji wetu ana dini yake, nasi tumeyaeleza haya kama historia: ya kijana aliyekimbia nyumbani, na ya mama aliyemfuata hadi mwisho.