L.A. Notcutt na Filamu za Vugiri: Maisha na Kazi ya Mtengenezaji wa Filamu wa Milima ya Usambara

1.0 Utangulizi

Tanga imepata sifa katika taaluma ya Kiswahili kwa sababu ya ushairi. Jina la Shaaban Robert peke yake limetosha kuufanya mji huo uhesabiwe miongoni mwa vituo vikuu vya fasihi ya pwani. Hata hivyo, katika milima iliyo nyuma ya pwani hiyo kulifanyika, kati ya mwaka 1935 na 1937, kazi nyingine ya sanaa ambayo haijapewa nafasi inayostahili. Huko Vugiri, katika milima ya Usambara juu ya Korogwe, zilitengenezwa filamu fupi 35 zilizokusudiwa watazamaji Waafrika, nyingi zikiwa na maelezo ya Kiswahili. Aliyeongoza utengenezaji wake ni Mwingereza, Meja L.A. Notcutt.

Yeyote aandikaye historia ya sinema katika Afrika iliyotawaliwa na Waingereza hawezi kuliepuka jina la Notcutt. Wanahistoria wa ukoloni wanamfahamu vyema. Wanaomfahamu kidogo ni wanafunzi wa sanaa za maonyesho za Kiswahili, ingawa kazi yake iliwahusu wasemaji wa lugha hiyo kuliko watu wengine wowote. Makala haya yanasimulia maisha yake ya kikazi na kuzijadili filamu alizoziacha. Hoja kuu ni kwamba jaribio la Vugiri lilithibitisha kuwa filamu inaweza kutengenezwa kwa gharama ndogo, mahali watazamaji wanapoishi na kwa lugha wanayoielewa. Lilianguka kwa sababu watazamaji hao hawakuwa na sauti katika kuamua hatima yake.

2.0 Kutoka Shamba la Mkonge hadi Kwenye Kamera

Notcutt hakuanzia katika sanaa. Katika miaka ya 1920 alikuwa meneja wa mashamba ya mkonge katika Afrika ya Mashariki. Ili kuyaelewa mawazo yake kuhusu sinema, ni lazima kwanza kuyaelewa mazingira ya mkonge wenyewe. Zao hilo liliingizwa katika eneo la Tanga na Pangani mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na baada ya muda mfupi likawa uti wa mgongo wa uchumi wa kaskazini mashariki ya Tanganyika. Kazi ya kukata majani ya mkonge ilikuwa ngumu, na wenyeji wengi hawakuipenda. Kwa hiyo wenye mashamba walitegemea manamba, yaani vibarua wa mikataba waliotoka mbali na makwao. Katika kambi moja ya vibarua zilisikika lugha nyingi, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha wasemaji wake.

Ilikuwa mwaka 1926, akiwa katika kazi hiyo, Notcutt alipoanza kufikiri kwamba sinema ingeweza kuwafanya vibarua waridhike na maisha ya kambi. Nia hiyo haina budi kutajwa waziwazi. Kilichomsukuma mwanzoni ni haja ya mwajiri ya kupata nguvukazi tulivu; elimu na sanaa zilikuja baadaye. Lakini wazo lililoanza kama hila ya usimamizi lilimfikisha kwenye swali zito zaidi: je, ni filamu ya namna gani inayoweza kumgusa mtazamaji ambaye hajawahi kujiona mwenyewe, wala mazingira yake, katika picha zinazotembea? Kulijibu swali hilo ndiko kulikogeuka kuwa kazi yake kubwa.

3.0 Kuanzishwa kwa Jaribio

Fursa ilitokana na utafiti uliofanywa nje ya Tanganyika. Mwaka 1932, J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari aliongoza tume iliyochunguza athari za migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, katika maisha ya Waafrika. Taarifa ya tume ilitolewa mwaka 1933. Davis aliona kwamba watu waliohamia migodini walikuwa wamepoteza ngoma, hadithi na taratibu zilizowalea, na akaamini kwamba sinema ingesaidia kuliziba pengo hilo na kuieleza dunia mpya kwa watu walioachwa vijijini.

Shirika la Carnegie la New York lilikubali kutoa dola 55,000, na hivyo mwaka 1935 likaanzishwa Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu. Davis alikuwa mkurugenzi mkuu. G.C. Latham, aliyewahi kuongoza elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini, alishughulikia upande wa elimu. Notcutt alipewa utengenezaji wa filamu, na makao yake yakawa Vugiri.

Wafadhili na serikali walikuwa na sababu nyingine pia. Maofisa wengi wa kikoloni walihofu kwamba filamu za Hollywood, zenye wizi, ulevi na mapenzi, zingemvunjia Mzungu heshima mbele ya Mwafrika. Filamu zilizotengenezwa chini ya usimamizi wao zilionekana kuwa kinga. Kwa hiyo tangu mwanzo Notcutt aliwatumikia mabwana wawili: mtazamaji aliyetaka kuburudika na mtawala aliyetaka kutii kwake.

4.0 Ufundi na Lugha

Upande ambao Notcutt alionyesha ubunifu mkubwa zaidi ni ufundi. Badala ya kutumia filamu pana ya milimita 35 iliyotumiwa na makampuni makubwa, alichagua ile ya milimita 16 iliyokuwa nafuu na nyepesi kusafirisha. Filamu zilisafishwa na kuhaririwa hukohuko Vugiri. Vijana wa Kiafrika walifundishwa kazi za maabara, na wanavijiji na vibarua waliigiza ingawa hawakuwa na mafunzo ya uigizaji.

Kwa mwanaisimu, jambo la kuvutia zaidi ni namna sauti ilivyoshughulikiwa. Sauti haikuchapwa kwenye ukanda wa filamu, bali ilirekodiwa katika santuri zilizochezwa sambamba na picha. Njia hiyo ilikuwa na udhaifu: sindano iliporuka au picha ilipokatika, maneno na matendo yaliachana. Lakini ilikuwa na faida ambayo filamu za kibiashara za wakati huo hazikuwa nayo. Picha moja iliweza kusemeshwa kwa lugha nyingi kwa kubadilisha santuri tu. Ndiyo maana maelezo yaliweza kutolewa kwa Kiswahili, Kisukuma, Kikuyu, Kiluo, Kiganda, Kibemba, Kinyanja na lugha nyingine, pamoja na Kiingereza.

Wakati wa jambo hili pia una maana. Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ilikuwa imeanza kazi mwaka 1930, na usanifishaji wa Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja ulikuwa bado mchanga. Wakati kamati hiyo ikisanifisha tahajia ya vitabu, Vugiri ilikuwa ikikipeleka Kiswahili cha kusikika kwa watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Watafiti wa historia ya Kiswahili sanifu wamevizingatia sana vitabu vya shule na magazeti. Santuri hizi hawajazitilia maanani.

5.0 Filamu Zenyewe

Filamu za Vugiri zinaweza kugawanywa katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la mafunzo ya moja kwa moja, kama vile kilimo cha chai, mmomonyoko wa udongo, malaria ya watoto wachanga na matumizi ya fedha za kodi. Kundi la pili ni la hadithi zenye wahusika na mgogoro, na hapa ndipo Notcutt alipokaribia sanaa.

Mfano mzuri ni filamu kuhusu benki ya akiba ya posta. Vibarua wawili wanapokea mshahara. Mmoja anazika fedha zake nyumbani, huku mwizi akimchungulia. Mwingine anaziweka posta. Mwisho wake unajulikana tangu mwanzo, kama ulivyo mwisho wa ngano nyingi za Kiswahili zinazomlinganisha mwerevu na mjinga. Nguvu ya filamu ya namna hii ni katika muundo unaofahamika, kwa kuwa hadhira iliyolelewa na ngano haihitaji kufundishwa namna ya kuufuata. Katika Gumu, kijana anaondoka kijijini na kuharibikiwa mjini, dhamira iliyokuja kurudiwa mara nyingi katika riwaya za Kiswahili. Filamu nyingine ilitumia hadithi ya sungura na chui, ikichota moja kwa moja katika fasihi simulizi.

Udhaifu wake nao hauwezi kufichwa. Mwafrika katika filamu hizi ni mtu wa kufundishwa siku zote. Ujinga ni wake, maarifa ni ya mgeni. Kodi inaelezwa, lakini aliyeamua itozwe haulizwi swali. Kibarua anashauriwa kuweka akiba, lakini udogo wa mshahara wake haujadiliwi.

6.0 Safari, Anguko na Masalio

Kuanzia Septemba 1935 hadi Februari 1936, filamu za kwanza zilisafirishwa kwa lori lililobeba jenereta, projekta, pazia na vipaza sauti. Msafara ulipita Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, Kenya na Uganda, ukafanya maonyesho 95 mbele ya watazamaji wapatao 80,000. Maonyesho yalifanyika usiku, mahali pa wazi. Miitikio ya watazamaji ilifuatiliwa na kusaidia kupima filamu, jambo lililokuwa nadra kwa watengenezaji wa zama hizo.

Pamoja na hayo, fedha za Carnegie zilipokwisha mwaka 1937, serikali za kikoloni hazikuwa tayari kuubeba mzigo. Walizikosoa filamu kwa uhafifu wa picha na sauti. Notcutt na Latham walichapisha taarifa yao mwaka huohuo katika kitabu The African and the Cinema, kilichotolewa London, wakitetea kuendelezwa kwa kazi hiyo. Hawakufaulu. Mwaka 1939 Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu za Makoloni, ambacho mwanzoni kilijishughulisha na propaganda ya vita, na uongozi wa kazi ukahamia London. Ilibidi kusubiri hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 ndipo filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu, iliyoigizwa na Rashidi Mfaume Kawawa, zilipotengenezwa Tanganyika.

Kati ya filamu 35, zinazojulikana kusalia ni tatu, zote za mwaka 1936, zilizohifadhiwa Uingereza: Tropical Hookworm, inayohusu safura, Veterinary Training of African Natives, inayohusu mafunzo ya utabibu wa mifugo, na African Peasant Farms, inayohusu mashamba ya wakulima wadogo wa Kingolwira karibu na Morogoro. Zote tatu ni za kundi la mafunzo. Hazistahili kutazamwa kwa ajili ya mahubiri yake, bali kwa yale ambayo kamera iliyanasa bila kukusudia: mwendo wa watu, mavazi, zana na namna mikono inavyofanya kazi. Anayefundisha sanaa za maonyesho angefanya vyema kuanza na ile ya Kingolwira, kisha awaulize wanafunzi ni nani anayeitazama nchi hiyo, na kwa ajili ya nani.

7.0 Hitimisho

Maisha ya Notcutt yanaonyesha mkanganyiko wa mtu aliyegundua njia sahihi akiwa katika utumishi wa lengo lisilo sahihi. Aliiona thamani ya filamu nafuu, ya mahali, yenye waigizaji wa kawaida na lugha ya watu, miaka mingi kabla ya nchi huru za Afrika kuanza kuyadai hayo. Hakuweza, au hakutaka, kuwakabidhi watu hao haki ya kuchagua hadithi.

Hasara iliyofuata ni ya Kiswahili pia. Hadithi ya sungura na chui iliyopigwa picha haimo katika zile tatu, na Gumu haimo. Maandishi ya zama hizo yalikusanywa na kuhifadhiwa kwa sababu yalihesabiwa kuwa fasihi. Filamu ziliachwa zipotee kwa sababu zilihesabiwa kuwa vyombo vya serikali. Uchunguzi wa Kiswahili cha karne ya 20 utabaki na pengo iwapo utaendelea kusoma kilichoandikwa tu, na kukisahau kilichosikika usiku kutoka katika kipaza sauti juu ya lori.