Maisha ya Bwana van 't Hoff

Sisi tukaao Bagamoyo tunaijua mikoko. Husimama ndani ya maji ya chumvi mwaka mzima wala haifi kiu, kwa kuwa ngozi nyembamba ya mizizi yake hupitisha maji na kuzuia sehemu kubwa ya chumvi. Kazi hiyo yataka nguvu nyingi. Nataka kueleza habari za mtu aliyetufundisha kuihesabu nguvu hiyo.

Jacobus Henricus van 't Hoff alizaliwa Rotterdam, Uholanzi, tarehe 30 Agosti 1852. Baba yake alikuwa daktari. Mwaka 1874, akiwa na umri wa miaka 22 tu, alitoa kijitabu cha kueleza kwamba atomi hupangika pande zote, wala hazikulala bapa kama picha karatasini. Mwaka 1876 akapata kazi katika chuo cha waganga wa mifugo, Utrecht. Mwaka uliofuata mzee mashuhuri wa kemia, Hermann Kolbe, alimdhihaki waziwazi katika jarida, kana kwamba mwalimu wa chuo cha wanyama hana haki ya kunena habari za atomi. Nadhani wengi wetu tungalinyamaza tangu siku ile. Yeye hakunyamaza, na mwaka 1878 akawa profesa Amsterdam.

Huko Bwana de Vries, mtaalamu wa mimea, alimpasha habari za vipimo vya Mjerumani Pfeffer. Huyu alitia maji ya sukari katika chungu chenye utando, akakitumbukiza katika maji matupu. Maji yakapenya ndani na kusukuma kwa nguvu. Joto lilipozidi, nguvu nayo ikazidi. Van 't Hoff akatambua kwamba nguvu ile yafuata kanuni ya gesi. Kwa hesabu yake, kuyakamua maji matamu kutoka baharini kwahitaji msukumo upatao mara 25 ya ule wa hewa ituzungukayo.

Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia, ya kwanza kabisa kutolewa. Alifariki karibu na Berlin tarehe 1 Machi 1911, kwa kifua kikuu.

Siku hizi wataalamu hutengeneza tando za polima za kutawala mwendo wa maji. Chini ya digrii 32 hivi, nyuzi zake hunywa maji, huvimba na kuziba vitundu. Joto likipita hapo hunywea, na njia ikafunguka. Maji ya ndoo iliyoachwa juani hapa bwenini hufikia joto hilo kabla ya adhuhuri, basi utando wa namna hiyo ungefunguka wenyewe bila mtu kuugusa.