Dk Burkitt na daktari aliye karibu nawe

Wiki hii tumtazame daktari ambaye jina lake bado linaandikwa kwenye mafaili ya watoto wenye saratani Afrika Mashariki. Ni Denis Burkitt. Ikiwa wewe ni mzazi unayeishi Mkuu, Tarakea au popote kwenye miteremko ya Kilimanjaro, maisha yake yanakuhusu. Yanaonyesha kwamba mtoto mwenye saratani anamhitaji bingwa wa mbali, na pia daktari wa karibu na nyumbani.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 huko Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho la kulia kwa ajali. Alianza kusomea uhandisi mjini Dublin, akahamia udaktari, akafuzu mwaka 1935. Baada ya kutumika kama daktari wa jeshi katika Vita Kuu ya Pili, alikuja Uganda mwaka 1946. Alianzia hospitali ya Lira, kisha akahamishiwa Mulago, Kampala, akiwa daktari wa upasuaji.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Halikuwa jipu. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, Burkitt akaona mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule. Akarudi kwenye mafaili ya zamani, na akagundua kuwa watoto wengi walioandikiwa saratani za majina tofauti, za taya, jicho au tumbo, waliugua ugonjwa mmoja. Aliuandikia makala mwaka 1958. Leo tunauita limfoma ya Burkitt.

Sasa angalia alichofanya baada ya hapo. Hakubaki Mulago kusubiri wagonjwa. Alituma karatasi za maswali na picha kwa madaktari wa hospitali ndogo barani Afrika, akiwauliza kama wamewaona watoto wa namna hii. Oktoba 1961, mwaka ambao Tanganyika ilipata uhuru, alipanda gari kuukuu pamoja na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson. Walisafiri kutoka Uganda hadi Afrika Kusini na kurudi, wakipita Tanganyika. Kwa wiki 10 walikwenda kilomita 16,000 hivi na kutembelea hospitali 57.

Majibu ya madaktari hao wa wilaya na misheni ndiyo yaliyotoa picha kamili. Ugonjwa ulikuwa mwingi sehemu za joto na mvua zenye malaria, na ulikuwa adimu kwenye miinuko yenye baridi. Karibu na ikweta, mpaka ulikuwa kama mita 1,500. Nawe unayekaa mlimani usijidanganye: saratani ya damu, ya jicho na ya figo hazichagui mwinuko.

Burkitt aliona pia kwamba kisu hakiwasaidii watoto hao, na Kampala haikuwa na mashine ya mionzi. Akajaribu dawa za saratani zilizokuwa bado ngeni. Uvimbe ulinywea kwa siku chache, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Lakini si wote. Kwa wale ambao uvimbe ulirudi, madaktari wa wakati ule walikuwa na kidogo sana cha kuwapa dhidi ya maumivu.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966, akajulikana zaidi kwa kuhimiza watu kula vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alifariki Machi 23, 1993. Mwaka huohuo, Kampala, Dk Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, iliyowapelekea wagonjwa mofini ya maji hadi majumbani. Pengo ambalo dawa za saratani haziwezi kuliziba likaanza kuzibwa.

Huduma hiyo huitwa tiba shufaa. Wazazi wengi wakilisikia jina hilo hudhani madaktari wamekata tamaa. Sivyo. Shirika la Afya Duniani linasema tiba shufaa kwa mtoto ianze siku ugonjwa unapogundulika, na iende sambamba na matibabu. Kazi yake ni kutuliza maumivu, kichefuchefu na hofu, na kuisaidia familia.

Hapo ndipo daktari wa karibu anapohitajika. Dawa za saratani utazifuata KCMC Moshi au Muhimbili Dar es Salaam. Lakini maumivu ya saa nane usiku yatamkuta mtoto nyumbani. Kwa hiyo fanya haya:

Mtoto akivimba taya, jino likalegea bila sababu, jicho likatokeza au tumbo likakua haraka, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Limfoma ya Burkitt hukua kwa siku, si kwa miezi.

Ukiruhusiwa kutoka hospitali kubwa, omba barua na orodha ya dawa, kisha uipeleke kwa daktari wako, kwa mfano Hospitali ya Huruma hapo Mkuu au kituo cha afya kilicho jirani. Muulize ni nani atakayemfuatilia mtoto, na mofini inapatikana wapi, kwa kuwa si kila kituo kinayo.

Dawa ya maumivu mpe kwa saa zilizopangwa, usingoje alie. Mofini ikitolewa kwa kipimo cha daktari haimfanyi mtoto kuwa teja. Hufunga choo, hivyo omba na dawa ya kulainisha.

Mtoto aliye kwenye dawa za saratani akipata homa, hiyo ni dharura. Usimpe panadol ukasubiri asubuhi.

Na mtoto akiuliza kama anaumwa sana, usimdanganye. Mwombe daktari anayeijua familia yako akae nanyi, mjibu pamoja kwa maneno ya umri wake.

Burkitt aliupata ukweli kwa kuwauliza madaktari wa hospitali ndogo. Nawe muulize wa kwako. Kama tiba ya kuponya ikifika mwisho, yeye bado ana kazi ya kufanya, na mtoto wako ana haki ya kulala bila maumivu.