Ndege za Moïse Tshombe

Muhula uliopita mhadhiri wetu wa masimulizi alituonyesha filamu ya Marekani ya mwaka 1954, The High and the Mighty, ambayo watazamaji wa Kifaransa waliijua kwa jina la Écrit dans le ciel. Ndege ya abiria aina ya DC-4 inaondoka Honolulu kwenda San Francisco. Injini moja inaharibika juu ya bahari, mafuta yanavuja, na kurudi ilikotoka haiwezekani tena. Rubani mkuu anaishiwa moyo. Msaidizi wake, mtu wa makamo anayechechemea, aliyeigizwa na John Wayne, ndiye anayemrudishia akili, na ndege inatua mafuta yakiwa yamekaribia kwisha kabisa. Katikati ya hofu hiyo tunasimuliwa maisha ya karibu kila abiria. Wenzangu walijadili muziki na upigaji picha. Mimi nilibaki na swali la nani hasa alikuwa anaendesha, kwa sababu swali hilo nimekua nalo nyumbani.

Kwetu Kolwezi kuna nkambo wawili, kama tunavyowaita babu na bibi huku Katanga. Nkambo wa kwa baba ni Mlunda, na picha ya Moïse Tshombe iko ukutani mwake. Nkambo wa kwa mama ni Mluba wa Kasai, na chumba chenye picha ile haingii. Wa kwanza humsifu Tshombe kama rubani wa kila jambo, isipokuwa siku moja ya Januari 1961, ambapo ghafla anakuwa abiria tu, akipelekwa na Wabelgiji. Wa pili hugeuza: Tshombe alikuwa abiria wa Wabelgiji maisha yake yote, lakini siku ile moja usukani ulikuwa mikononi mwake. Nimejaribu hapa kuyasimulia maisha hayo nikiangalia ndege, kwa sababu ni za ajabu jinsi zilivyokuwa nyingi.

Alizaliwa tarehe 10 Novemba 1919 huko Musumba, makao ya Mwaant Yav, mfalme wa Walunda, katika eneo la Kapanga ambalo leo ni sehemu ya jimbo letu la Lualaba. Baba yake, Joseph Kapend Tshombe, alikuwa mfanyabiashara tajiri katika nyakati ambazo Mkongomani mwenye mali kama zile alihesabika kwa vidole. Kijana alisoma kwa wamisionari Wamethodisti wa Marekani, akajifunza uhasibu, akamwoa Ruth, binti wa Mwaant Yav. Biashara aliyoirithi haikumwendea vizuri. Alifilisika zaidi ya mara moja. Siasa ilimkubali kuliko duka. Chama cha CONAKAT kilipoanzishwa mwaka 1958, Godefroid Munongo alikuwa mwenyekiti wa kwanza, na mwaka uliofuata kiti kikawa cha Tshombe.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 11 Julai, Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Union Minière ililipa kodi ya shaba kwake badala ya kuilipa Léopoldville, maafisa wa Kibelgiji walijenga jeshi lake la jandarmu, lakini hakuna nchi hata moja iliyomtambua rasmi, hata Ubelgiji wenyewe. Kaskazini, Waluba wa Balubakat walikataa na vijiji vyao vikateketea. Hapo nkambo wa kwa mama huanza kukohoa, maana ndugu zake walikuwa Elisabethville, na mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba wa Kasai walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa mjini humo wakiogopa jandarmu na vijana wa CONAKAT. Yeye alikuwa mtoto. Anakumbuka vumbi na maji ya kupanga foleni.

Ndege ya kwanza ni DC-4 ya Air Congo, aina ile ile ya filamu. Jumanne ya tarehe 17 Januari 1961 iliwachukua Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito kutoka Moanda na kuwaleta Elisabethville. Njiani walipigwa vibaya hivi kwamba marubani walijifungia mbele ili wasione. Ilitua Luano jioni. Usiku huo huo wote watatu walipigwa risasi porini, mbele ya macho ya mawaziri wa Katanga na ya Tshombe mwenyewe, chini ya amri ya maafisa wa Kibelgiji. Karibu mwezi mzima watu walifichwa habari hiyo, kisha wakaambiwa kwamba wafungwa walitoroka na kuuawa na wanakijiji.

Tshombe alikuwa wapi ndege ilipotua? Mwanahistoria Mbelgiji Ludo De Witte ameandika kwamba alikuwa sinema. Katika ukumbi wa mjini ilionyeshwa filamu ya chama cha Moral Re-Armament, iliyohubiri upatanisho, jina lake Liberté, yaani Uhuru, na rais alikuwa miongoni mwa watazamaji. Nilipoisoma habari hiyo nilifunga kitabu. Mtu ameketi gizani akitazama watu wa kubuni wakisameheana, na nje kuna watu wa kweli wanaoshushwa kwenye ndege wakivuja damu. Nkambo wa kwa baba anasema sinema ni ushahidi kwamba hakujua. Mimi sioni hivyo. Filamu iliisha, akatoka, akakutana na mawaziri wake, na saa zilizobaki kabla ya risasi zilikuwa zake kama zilivyokuwa za yeyote katika chumba kile. Angeweza kukataa. Wabelgiji wale wangekasirika, pengine wangempuuza, lakini neno lake lingekuwepo.

Ndege ya pili haikufika. Septemba 1961 askari wa Umoja wa Mataifa walijaribu kwa nguvu kumaliza utawala wa Katanga, na Tshombe akavuka kuingia Rhodesia ya Kaskazini. Katibu Mkuu, Dag Hammarskjöld, aliamua kwenda kuonana naye Ndola. Hapa Kolwezi inaingia katika habari, kwa sababu kwenye kiwanja chetu kulikuwa na Fouga Magister, ndege ndogo ya kivita ya Katanga, ambayo peke yake ilikuwa imewatia hofu askari wa Umoja wa Mataifa katika siku zile. Kwa kuiogopa hiyo, DC-6 iliyoitwa Albertina iliondoka Léopoldville tarehe 17 Septemba ikazunguka mbali upande wa mashariki, redio ikiwa kimya. Baada ya saa sita usiku ilianguka msituni, kilomita chache kutoka Ndola. Ndani walikuwemo watu 16. Mmoja aliokotwa akiwa hai, naye akafa baada ya siku chache. Tshombe alikuwa Ndola akisubiri mgeni.

Uchunguzi wa Rhodesia ulimlaumu rubani. Ule wa Umoja wa Mataifa wa 1962 haukufunga mlango wowote. Tangu 2015 kazi hiyo imo mikononi mwa Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, na mwaka 2017 aliandika kwamba kushambuliwa kutoka nje ni jambo linalowezekana. Kuhusu Tshombe, sijaona popote sababu ya kutosha ya kumtwika kifo hiki. Alikihitaji kikao kile. Siku mbili baadaye alikubali kusimamisha mapigano, akiongea na mtu mwingine.

Desemba ya mwaka huo ndege za Canberra za jeshi la India zilikipiga kiwanja cha Kolwezi. Nkambo wa kwa baba, kijana wakati huo, alijilaza mferejini. Na ni Kolwezi ambako Januari 1963 mambo yalikwisha: Tshombe alikimbilia hapa, akatishia kulipua mabwawa ya Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, kisha akatangaza kwamba kujitenga kumekoma. Tarehe 21 askari wa Umoja wa Mataifa waliingia mjini bila vita. Mabwawa yangali yanatupatia umeme, ukiwepo.

Aliyefuata hapo ni Tshombe mwingine kabisa. Mtu aliyetaka kuivunja Kongo aliitwa mwaka 1964 kutoka uhamishoni Hispania kuwa waziri mkuu wa Kongo nzima, akawatumia jandarmu wake wa zamani na mamluki wa kizungu kuwapiga waasi wa Simba. Novemba, ndege za Marekani ziliwaangusha askari wa miavuli wa Ubelgiji juu ya Stanleyville. Mwezi mmoja kabla ya hapo alikuwa amekwenda Cairo kwenye mkutano wa nchi zisizofungamana. Ndege yake ilikataliwa kutua, ikaenda Athens. Akarudi kwa ndege ya abiria, wakamfungia katika jumba la wageni hadi walipomwondoa. Viongozi wa Afrika hawakutaka kukaa chumba kimoja na aliyesimama mbele ya Lumumba usiku ule. Oktoba 1965 Kasavubu alimfukuza kazi, Novemba Mobutu akatwaa nchi, na Tshombe akarudi Hispania. Machi 1967 mahakama ya Kinshasa ilimhukumu kifo bila yeye kuwepo.

Ndege ya mwisho ilikuwa ndogo, ya kukodi. Tarehe 30 Juni 1967, siku Kongo ilipotimiza miaka saba ya uhuru, alikuwa akisafiri katika visiwa vya Baleari. Mfaransa mmoja aliyekuwa naye safarini, Francis Bodenan, alitoa bastola na kuwalazimisha marubani Waingereza waelekee Algiers. Hakuna John Wayne aliyetokea. Mahakama Kuu ya Algeria iliridhia arudishwe Kongo. Rais Boumediene hakumtoa, wala hakumwachia. Alikaa kizuizini hadi tarehe 29 Juni 1969, siku moja kabla ya miaka miwili kutimia, alipokutwa amekufa kitandani. Ilitangazwa kwamba moyo ulisimama. Alikuwa na miaka 49. Alizikwa karibu na Brussels, mbali na Musumba.

Niliporudi Kolwezi likizo niliwasomea nkambo wangu rasimu hii, kila mmoja peke yake. Wa kwa baba alisikiliza hadi mwisho, akaniomba nitoe sehemu ya sinema. Wa kwa mama alisema kambi nimeipa mistari michache mno, na sinema niiongeze. Akauliza pia kama wale abiria wa Honolulu walifika wote. Nikamwambia walifika. Akasema basi hiyo ni filamu.